Mama Usitupe na Mbegu Zake za Pamba

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika kumsindikiza, walio juani wasogee chini ya turubai, maana aliyelala hapa mbele yetu hakupenda habari za mkato, na hizi ni zake.

Marehemu mama yetu, mtafiti wa mbegu za pamba, ambaye wengi mlimwita Mama Usitupe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kuchambulia pamba, akiwa mtoto wa tano kati ya sita wa fundi mitambo wa kinu hicho, na bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba alijifunzia kutambaa juu ya magunia, akirudi ndani na kichwa cheupe pe kama mzee wa baraza.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1967, ambako alipewa adhabu ya kufyeka majani kwa kosa la kupanda pamba katikati ya maua ya mwalimu mkuu, adhabu aliyoitumikia akiimba, kwa sababu ilimweka karibu na pamba yake. Alihitimu chuo cha kilimo mwaka 1974, na tarehe 2 Julai mwaka huohuo akaajiriwa kwenye kituo cha utafiti wa pamba, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011.

Kazi yake ilikuwa kuchagua na kuoanisha, yaani kutafuta mmea wenye nyuzi ndefu, kuutafutia mwenzake anayezaa mapema au anayevumilia ukame, kisha kuwaozesha, jioni akiondoa sehemu ya kiume ya ua kwa kucha zake, asubuhi akilipaka chavua ya mmea mwingine, na mwisho akifunga kwenye kikonyo uzi wa rangi, kila rangi ikimtambulisha baba. Katika kutafuta nyuzi hizo za rangi ndipo alipoingia kwenye duka la fundi cherehani mmoja mwenye maneno matamu, akaanza kununua nyuzi nyingi kuliko maua aliyokuwa nayo, na tarehe 9 Desemba 1978 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba.

Mwaka 1982, marehemu akiwa nyumbani amejifungua binti wa pili, mume wake alijitolea kwenda kumfungia nyuzi shambani, na uzi mwekundu ulipomwishia, akachukua wa rangi ya chungwa iliyokoza, maana kwa fundi cherehani rangi isipopatikana unatumia ndugu yake na mteja wala hajui, kumbe pale shambani rangi ya chungwa ilikuwa ya baba mwingine kabisa. Mbegu za msimu mzima zikawa hazijulikani baba yao ni nani, kituo kizima kikacheka mpaka kikashika mbavu, mkuu wa kazi akaagiza zitupwe, na marehemu, baada ya kumnunia mumewe kwa muda wa kutosha, akazichukua akazipanda nyuma ya ghala, akisema mtoto hana kosa.

Msimu uliofuata vikaja vidudu vya kijani vinavyofyonza majani, pamba zote nzuri za kituo zikajikunja kama karatasi, lakini nyuma ya ghala kulikuwa na mimea iliyosimama imara, majani yake yana manyoya ambayo vidudu havikuweza kuyakalia, na nyuzi zake ni ndefu kama za mama yao. Kamati ikauliza baba ni yupi, wenzake wakamshauri ataje yeyote kati ya wale wawili, nani angejua, naye akakataa katakata, akairudia kazi yote tangu mwanzo, safari hii mumewe akiwa amepigwa marufuku kukanyaga shambani. Baba alipopatikana ilikuwa pamba ya kizamani, fupi, yenye nyuzi ngumu, ambayo kopo lake la mbegu lilishawekwa mlangoni mara mbili litupwe kwa ubaya wa sura. Mbegu ile ilipitishwa mwaka 1991, wakulima wakaiita Mtoto wa Fundi, na mzee wetu, huyu hapa mbele, anatembea kifua mbele mpaka leo utadhani lile kosa alilipanga.

Tangu hapo marehemu akawa mlinzi wa makopo yote ya mbegu za kizamani, akituambia usitukane wakunga na uzazi ungalipo, chagua iliyo bora lakini iliyobaki usiitupe, kwa kuwa hujui kesho italeta mdudu gani. Mbegu nazo hufa zisipopandwa upya, na mashine ya chumba baridi cha kituo, makopo hayo yalimohifadhiwa, ilipoharibika mwaka 2024, yeye akiwa tayari anaugua figo tangu Agosti 2023, alishikwa na hofu kweli, si ya kufa, bali ya kufa makopo hayajapandwa. Ndipo Novemba akaomba mbegu kituoni, akatugawia kila mtu aina yake, wanawe, wakwe zake, majirani, hata muuguzi wa wodi aliyemkuta akiotesha mbegu kwenye kitambaa kibichi chini ya mto, na kutoka kitandani akatufundisha jinsi ya kufunga mdomo wa ua jioni kabla halijachanua, nyuki wasije wakachanganya ukoo.

Alifariki hospitalini tarehe 6 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa ameonyeshwa picha za vichipukizi vya maua kutoka kwenye kila ua wa nyumba, isipokuwa kwa mkwe wake wa kwanza, ambaye mbuzi walimtangulia wakaila pamba yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule wa kitambaa kibichi, inawashukuru majirani mliopika na kukesha, na ninyi wa kituo cha utafiti mliobeba jeneza. Marehemu ameagiza mazishi yaanze saa saba na watu watawanyike kabla ya saa kumi, kwa sababu huu ndio wakati wa maua, na ua lisilofungwa leo jioni, kesho asubuhi limekwisha potea, hivyo mwenye kulia aende akalilie shambani.

Mama, pumzika kwa amani, maua ya leo tunakwenda kuyafunga sisi.