Jina Lililoachwa Kwenye Jiwe la Cloonbarra

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri. Baba Paroko, Padre Considine. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ya jiwe mliotoka Dublin. Akina mama, akina baba na ninyi watoto mliopanda ukutani, shukeni:

KARIBU CLOONBARRA

Sisi wakazi wa Cloonbarra tunakukaribisha kwa mikono miwili. Pole sana kwa barabara. Mashimo tuliyafukia jana kwa heshima yako, na mvua ya asubuhi hii ikayafukua bila adabu. Tumefurahi kwamba umefika na kofia yako ingali kichwani.

HISTORIA

Mheshimiwa, umekuja kufunua jiwe lenye majina ya wote walioshiriki mapigano ya darajani dhidi ya Mwingereza mwaka 1920. Kabla hujavuta pazia, tunaomba tukueleze habari za mtu mmoja ambaye jina lake halimo. Ni Mzee Malachy Tuohy, fundi viatu, miaka themanini na moja. Ndiye yule wa mstari wa mbele, mwenye kofia nyeusi, anayejifanya anatazama kunguru.

Mzee Malachy ametunga nyimbo za kupigania nchi hii tangu hajaota ndevu. Hutunga akigonga soli huku misumari imejaa mdomoni, ndiyo maana kila wimbo wake huanza kwa kuvumishwa puani siku mbili nzima, na maneno huja misumari ikiisha. Akinogewa na wimbo hupigilia misumari kupita kiasi, na viatu vya siku hiyo havichakai ng'o. Baba Paroko anavyo vya mwaka 1917. Nyimbo zenyewe ziliuzwa kwenye magulio, karatasi moja peni moja, bila jina la mtunzi, maana enzi hizo jina lingempeleka jela.

MAFANIKIO

Wimbo wake uliovuma kuliko yote ni ule wa Bartley Hession, kijana aliyeuawa darajani. Beti kumi na tisa! Unaimbwa kutoka hapa mpaka Boston. Hata wewe, Mheshimiwa, tumesikia uliuimba wakati wa kampeni ukapotea ubeti wa nane. Tumekusamehe.

Sasa, Mheshimiwa, shika kiti vizuri. Bartley Hession hakufa. Ndiye anayekusomea risala hii.

Ilikuwa hivi. Askari wa Mwingereza walimpiga Bartley risasi ya bega, akatumbukia mtoni, akaibukia nyuma ya karakana ya Mzee Malachy. Mzee akamfunika kwa ngozi za ng'ombe. Bartley akalalamika kwamba zinanuka.

"We Bartley, nyamaza," Mzee akamwambia. "Tangu sasa umekufa. Marehemu hachagui harufu."

Askari walikuwa wanapekua nyumba hadi nyumba. Basi Mzee akatema misumari, akatunga kifo cha Bartley kwa siku moja, na siku ya gulio wimbo ukawa midomoni mwa watu wote. Kijiji kizima tulijua, na kijiji kizima tukavaa nyeusi. Mama yake Bartley, marehemu Bi. Honor, alilia sokoni kwa sauti hadi askari mmoja akampa leso. Leso hiyo tunayo mpaka leo, imefuliwa.

Kesho yake sajini wao akaja karakanani na kiatu kilichobanduka, akamkuta Mzee anauimba.

"Huyo ndiye tunayemtafuta?" sajini akauliza.

"Ndiye tuliyemzika, afande. Nikuimbie beti zote?"

"Zote."

Akaimbiwa zote kumi na tisa, amekalia kigoda, na ngozi zile ziko nyuma yake hatua mbili. Ubeti wa mwisho ulipofika alivua kofia. Msako ukakoma siku hiyo hiyo, na baada ya wiki mbili Bartley akapanda meli kwenda Boston akiwa mzima.

CHANGAMOTO

Mwaka jana Bartley alirudi nyumbani. Tulicheka, tukacheza, tukadhani mambo yamekwisha. Kumbe! Mtu mmoja asiye na haya akaandika barua gazetini kwamba Malachy Tuohy ni mwongo, amelihadaa taifa zima, amemliza kila mtu kwa kifo cha mtu anayekula viazi. Kamati ikasoma barua hiyo, ikalifuta jina la Mzee kwenye orodha ya jiwe.

Tulimwambia ajitetee. Akasema, "Nijitetee nini? Si nilidanganya kweli?" Akarudi kugonga soli.

Mheshimiwa, linalotuuma ni hili. Tangu barua ile ni miezi saba, na Mzee hajavumisha wimbo puani hata kidogo. Viatu vinatoka karakanani na misumari sawasawa, kila kimoja idadi yake. Hatuvitaki viatu hivyo. Tunamtaka Mzee wetu.

OMBI

Tulishauriwa tuombe pia taa na daraja jipya. Tumeviacha, ili usije ukatupa daraja ukajiona umemaliza. Tunaomba jina lake tu. Fundi mwashi Colman Duffy yuko hapa na patasi yake, na sehemu ya chini ya jiwe aliacha nafasi bila kuiambia kamati. Ni herufi kumi na mbili, kazi ya saa moja. Ukisubiri, chai ipo, mkate wa magadi na siagi upo, na samaki wa mto huu yupo, ila tafadhali usituulize kibali cha kumvua.

Hapo, Mheshimiwa, wenzangu wameniruhusu niseme "mimi" mara moja. Mimi jina langu limo kwenye jiwe hilo, na nilichofanya siku ile ni kuanguka mtoni. Yeye alikaa hatua mbili kutoka kwa bunduki, akaimba beti kumi na tisa bila sauti kutetemeka. Kama ni lazima jina moja lisiwepo, lifute langu.

Mungu akulinde, aikaushe barabara yako ya kurudia, aibariki Cloonbarra na wote wanaosema uongo kwa ajili ya jirani.

Ni sisi,
Wakazi wa Cloonbarra.

Imesomwa kwa niaba yao na Bartley Hession, ambaye yu hai kwa hisani ya Mzee Malachy Tuohy.