Televisheni ya Boksi na Viatu vya Wakubwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mchoraji wa Televisheni ya Boksi. Ninyi mlimjua kwa kucheka naye. Mimi nilimjua zaidi, alikuwa mke wangu. Shuleni sikufika mbali, kwa hiyo nitasema kama ninavyosema siku zote.

Kabla ya kuwa mchoraji, mke wangu alipiga deki ofisi za wakubwa. Akiwa ameinama na tambara lake, walimpita bila salamu. Sura zao hakuziona vizuri. Viatu aliviona. Ndiyo maana wakubwa aliwachora kwa viatu tu: hiki kimelika kisigino, kile kinang'aa hadi unajiona.

Dada yake anakumbuka: "Aliokota boksi la friji, akatoboa dirisha, akajitumbukiza ndani na mwiko mdomoni kama maikrofoni. Pale pale kwenye foleni ya maji! 'Habari za saa hii. Kiatu cheusi kimesikitishwa na kiu yenu, sasa kinakwenda kuogelea.' Watu hoi! Nikamwambia, we mwanamke, utatufungisha. Akanijibu, 'Watamfunga nani, boksi?'"

Kituo kimoja cha televisheni kikamchukua. Kila Ijumaa alisoma taarifa yake, ndani ya boksi lile lile, viatu vyake vya kuchora vikiwa pembeni. Na wakubwa walimpenda! Mnajua kwa nini? Kila mmoja alitambua viatu vya mwenzake. Vyake mwenyewe, hakuna aliyevitambua.

Wasikilizaji wapendwa, mnaikumbuka sherehe ya mashine? Mashine ya kusaidia kupumua, ya hospitali yetu, ilikuwa imekufa mwaka mzima. Mke wangu akaichora na kofia ya sherehe, akaiimbia, akaikatia keki ya karatasi. Mji mzima ulicheka. Wakubwa nao wakacheka. Narudia: wakubwa waliona, wakacheka, wakaenda zao. Mashine ikabaki vile vile.

Mwaka uliofuata kifua kikambana. Tukampeleka hospitali hiyo hiyo. Muuguzi akatazama chini, akasema, "Baba, mashine bado." Mke wangu akatafuta pumzi, akaninong'oneza, "Imetimiza mwaka wa pili. Hukuleta keki?"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Msibani wakubwa walikuja. Nilikuwa nimekaa chini, kichwa nimekiinamisha. Nikawatambua wote. Mmoja akasema, "Mzee, tupe lile boksi. Tutaliweka ukumbini kwetu, ndani ya kioo, kwa heshima."

Binti yetu akanibana mkono. "Baba, wakilichukua wamemnyamazisha."

Ukumbi ule sisi huingia na ndoo tu. Nikaviambia vile viatu: hapana.

Boksi liko hospitali, koridoni, nje ya chumba cha mashine ile. Jana mama mmoja aliyechoka kumsubiri daktari aliingiza kichwa dirishani, akakohoa kidogo, akaanza: "Habari za saa hii." Benchi zima likacheka. Boksi halitoki pale mpaka mashine ipumue.

Pole mama mkwe. Pole shemeji. Pole binti yangu. Nanyi mlionipa pole, zimenifika.

Na ninyi wakubwa, najua mnanisikiliza. Leo mkifika nyumbani mkivua viatu, msiviweke haraka. Vitazameni kwanza.