Mabega na Bakuli

Gari la nyumbu liliwabeba abiria kwenda Kapua, na Novia alijikunyata nyuma ya wabishi wawili. Adhuhuri ile mwanawe Pakuvio angeingia ulingoni na upanga, mara yake ya kwanza.

"Nguvu, bwana!" alifoka muuza vitunguu. "Pakuvio ana mabega ya fahali. Atamponda yule mkongwe."

"Mkongwe kashinda mara kumi na moja," akajibu mzee asiye na sikio moja, mpiganaji mstaafu. "Na fahali huchinjwa na watu wembamba, ndugu yangu."

Mabishano ya wanaume huwa matamu anayekufa akiwa mtoto wa mwingine.

"Mie siangalii mabega," mzee akaendelea. "Jana kwenye karamu ya kuwaaga wapiganaji nilitazama bakuli. Mkongwe kamega mkate kidogo tu. Fahali wako kafakamia nyama mpaka kalamba bakuli. Tumbo likijaa, ngao huwa nzito kama jiwe la kusagia."

"Labda alikuwa na njaa!"

"Wapi! Kulikuwa na mama kando yake, anamsukumia tu: kula, mwanangu, upate nguvu."

Gari likasimama kwenye lango la ulingo. Wabishi wakashuka, bado wanazozana.

"Mama, tumefika," mwenye nyumbu akasema.

Novia akamwuliza kama nyumbu wale hawawezi kwenda mbele kidogo.