Godoro la Zamu Mbili

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, ubao ambao umeshalainika kwa makalio ya watu wasio na haraka. Hapo ndipo kahawa ya Shangazi humiminwa kila jioni, na hapo ndipo mambo ya dunia hupatiwa dawa, hata yale yasiyoumwa. Kama hujawahi kukaa hapo, usijidai umesoma. Kinyozi anaitwa Kipara, maana kichwa chake kinang'aa kuliko kioo chake. Kila jambo analo la kulifungua, methali moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu rundo zima la funguo kwenye mlango ulio wazi. Jirani yake ni Betri, anayechaji betri za magari, na akishaanza kusema hazimiki mpaka moto umwishie mwenyewe. Wa tatu ni Sponji, fundi makochi, kijana mrefu mwenye gundi kwenye kucha. Jioni hiyo Sponji alikuwa amekikumbatia kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga akaambiwa kikifa ni juu yake. Kahawa ilikuwa imepoa. Hakuwa ameigusa.

— Huyo ana neno, alisema Kipara. Mwenye njaa hana miiko.

— Njaa gani, nimekula.

— Ndiyo hiyohiyo.

Kijiwe kizima kilikijua kidonda cha Sponji, na kilikuwa kikikitonesha kwa upendo. Aliwahi kuwa na mchumba. Akamshonea kochi la mahameli nyekundu, mishono ya ndani kwa ndani, kochi la nyumba yao watakapokuwa na nyumba. Siku moja mchumba akamwomba amsaidie kulihamisha, likae kwa binamu yake kwa muda. Sponji akaita mtu wa kumshikia, wakapanda nalo ngazi, na yeye, kwa kuwa ni fundi na ana mapenzi, akashika upande wa chini, ule mzito. Binamu akafungua mlango akiwa na fulana ya ndani, akawaonyesha pa kuliweka, akamletea Sponji glasi ya maji. Sponji akanywa, akashukuru. Alipofika katikati ya ngazi ndipo alipotambua kwamba mchumba wake hashuki. Binamu hakuwa binamu.

Watu huachwa. Lakini kuachwa ukabebeshwa, halafu ukashukuru kwa maji, hiyo ni ya Sponji peke yake, na benchi lilijivunia kuwa nayo.

Baada ya hapo alikihama chumba alichokipanga kwa ajili ya watu wawili akachukua nusu chumba. Si nusu ya kugawanywa kwa pazia. Mama mwenye nyumba ni mjane mwenye akili kali, aliyegundua zamani kwamba kitanda cha mfanyakazi wa usiku hulala bure usiku kucha. Kwa hiyo chumba kimoja humpangisha mtu wa zamu ya mchana na mtu wa zamu ya usiku, na kitanda ni kilekile. Mwenzake Sponji alikuwa mwanamke wa kiwanda cha mikate mwisho wa barabara. Mtaa ulisema, ukasema, mwishowe ukachoka, maana utasema nini juu ya watu wanaokutana mlangoni tu? Asubuhi Sponji anatoka, yeye anaingia na unga kwenye nyusi. Umeamkaje, salama, kazi njema, usingizi mwema. Jioni Sponji anarudi, yeye ameshaondoka. Godoro alikuja nalo yule dada. Lilikuwa limechakaa hata fundi makochi aliona haya kulilalia, akalichana, akatoa uchafu wa ndani, akalijaza sponji nzuri iliyobaki kazini. Ganda la dada, nyama ya Sponji, wakalala juu yake kwa kupokezana.

Mambo mengine benchi halikuambiwa. Halikuambiwa kwamba siku moja Sponji alishindwa kwenda kazini, akabaki kitandani uso ukutani, mabega yakimtikisika, na yule dada akaingia kutoka zamu, amechoka hadi macho mekundu. Hakuuliza kitu. Hakumwambia pole, wala yatapita, wala mwanaume halii. Alivua viatu, akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye ubao wa kitanda, akalala hapohapo akiwa ameketi na unga wake mwilini, akamwacha amalize. Tangu siku hiyo Sponji alikuwa akikuta kipande cha mkate kimefungwa kwenye kitambaa safi, naye akawa anashona kila kilichochanika cha dada: mkanda wa ndala, mfuko, kola. Hawakuwahi kulitaja hilo. Wangelitaja saa ngapi?

Ila jioni hiyo kulikuwa na jingine, akalitema.

— Mimi hulala upande wa mlangoni, alisema. Yeye upande wa ukutani. Tangu mwanzo. Godoro likashika mabonde mawili, kila mtu na lake, katikati kilima. Bonde la mtu mimi nalijua kama wewe unavyokijua kichwa cha mteja wako.

— Sawa.

— Lake limeanza kujaa. Sponji inapanda, inarudi juu. Halilaliwi tena.

— Amehama?

— Hajahama. Mkate naukuta.

— Basi analala wapi?

Sponji akatazama ndani ya kikombe.

— Kwenye langu.

Shangazi akachochea mkaa. Halafu Kipara akaanza kujaribu funguo.

Kwa maoni yake, hapo pana bati linalovuja upande wa ukutani, na bandubandu huisha gogo. Sponji akasema mvua haijanyesha tangu lini. Basi ni kunguni, akasema Kipara, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Je, aliinama akatazama? Aliinama. Hakuna kunguni. Kipara akamwangalia kwa huruma, kama mtu aliyenyimwa kunguni kwa uonevu.

Betri akakaa sawa. Yeye aliona kosa liko kwenye moto. Mwili wa mtu, alieleza, ni betri. Mtu wa zamu ya usiku anatumia usiku kile ambacho wenzake wanajaza, kwa hiyo akifika asubuhi yuko chini kabisa. Anatafuta mahali ambapo mwenzake ametoka sasa hivi, bado pana joto, ananyonya.

— Ndiyo maana umekonda, alisema.

— Nimekonda tangu lile kochi.

— Kochi lilianza, huyu anamalizia.

Kipara hakukubali kupitwa. Akasema hilo ni shamba linaibwa hivihivi mtu anaona. Haba na haba hujaza kibaba: leo bonde, kesho mto, keshokutwa chumba ni chake na Sponji analala kwenye makochi ya watu. Betri akapanda juu zaidi. Akasema, jamani, huyu ni mtu wa mikate, na unga hauna umbo mpaka uwekwe kwenye bati la kuokea. Anajilaza kwenye bonde la Sponji ili achukue umbo lake. Alijua mtu aliyechukuliwa umbo namna hiyo. Akawa akiamka asubuhi anakwenda kazini, lakini kivuli kinabaki kitandani, mpaka mkewe akazoea kukipa chai kile kivuli.

— Na kikombe kilirudi kitupu? aliuliza Shangazi bila kuinua macho.

— Hilo sikuuliza.

Wakacheka. Sponji naye alicheka kidogo, midomo tu. Hakuwaambia kwamba siku moja dada alipokwenda kwao msibani, yeye mwenyewe alihamia ukutani. Bonde lilikuwa fupi, miguu ilimtoka nje. Lilinuka hamira. Alilala humo kama mwizi, alfajiri akalisugua kwa kiganja ili lisionyeshe, kana kwamba sponji husahau kwa kusuguliwa.

— Sasa tatizo liko wapi? aliuliza Kipara. Acha alale. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Tatizo ni leo.

Hapo ndipo Sponji alipoeleza kilichomleta na uso ule. Asubuhi, wakipishana mlangoni, dada alimwambia kiwanda kimempeleka zamu ya mchana, anaanza kesho. Usiku huu watakuwa wawili, kitanda kimoja. Kwa hiyo mmoja atafute pa kwenda. Halafu akabaki ameshika mwimo wa mlango, hapiti, hatoki. Akauliza: au wewe unasemaje?

— Ukasemaje?

— Nikasema sawa.

— Sawa nini?

— Sawa tu.

Mwanamke ameulizia moyo wake mlangoni, mtu anajibu kama anayepokea chenji.

— Akasema basi jioni tutaongea, Sponji aliendelea. Zamu yake ya usiku imekwisha. Yuko nyumbani sasa hivi.

— Na wewe uko hapa.

— Na mimi niko hapa.

Alifunga kazi mapema. Alinawa gundi kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikamwasha. Akaifuata njia ya nyumbani, na alipofika kwenye kona miguu ikapinda yenyewe, ikaja benchini. Kila alipojipangia la kusema, aliiona ile glasi ya maji. Alimwona mtu akimwonyesha pa kuweka kitu, naye akishukuru. Bonde linaweza kuwa mapenzi, lakini linaweza pia kuwa mgongo unaouma. Akikosea safari hii hatakuwa na kochi la kusingizia.

Benchi likatoa hukumu kwa kauli moja, jambo lisilo la kawaida yake. Asiende. Akae hapohapo mpaka dada amkose, maana mwanaume aliyeungua hakimbilii jiko. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, alimalizia Kipara, na Betri akagonga ubao kukubali. Hakuna aliyekumbuka kwamba simba wa methali hiyo huwa anatembea. Sponji akashusha pumzi kama mtu aliyeandikiwa ruhusa na daktari. Akakaa. Jua likashuka nyuma ya mabati, kivuli cha kibanda kikawafunika mmoja mmoja, Shangazi akawa anainamisha birika zaidi kila anapomimina.

Ndipo likasikika gurudumu linalolia kutokea upande wa nyumba ya mjane. Alikuwa mtu wa mkokoteni, mgeni mtaani, mwenye taulo shingoni. Kwenye mkokoteni palikuwa na begi, ndoo, jiko dogo, na jozi ya ndala ambazo mkanda wake mmoja ulikuwa umeshonwa kwa uzi mnene wa makochi. Sponji aliutambua mshono wake kabla hajamtazama mtu usoni.

— Habari za jioni, wakubwa. Nani kati yenu ni fundi makochi?

Macho yote yalikwenda upande mmoja.

— Kuna dada namhamisha. Vyote nimepakia, kimebaki kitu kimoja. Nilikishika akanizuia. Akasema nipitie kwanza hapa benchini, nimuulize fundi: godoro ni la nani?

Kipara akafumbua mdomo. Rundo lake lote la funguo likagoma. Betri akakuna goti.

Sponji aliliona akilini godoro lile, ndani na nje. Ganda lake dada, sponji yake yeye. Ukilichana umpe kila mtu chake, hakuna atakayelala. Na lile bonde moja lililobaki, lililoshikwa na mchana wa mmoja na usiku wa mwingine, hilo utalikabidhi kwa nani? Neno alikuwa nalo. Ni neno fupi, si langu wala lake, mtoto anaweza kulitamka. Lilipanda likafika kwenye ulimi, na hapo likakutana na lile jingine alilolizoea, la kubeba.

— Nitakuja nikushikie upande mmoja, alisema. Godoro lile ni zito.

Mtu wa mkokoteni alijifuta shingo.

— Ndugu, mimi sikutumwa kuomba msaada. Nimetumwa kuuliza ni la nani.

Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Betri, likatoa matone na masimbi meusi, basi. Akalifunika. Mtu wa mkokoteni akasubiri kidogo, kwa adabu, kisha akainama akashika mikono ya mkokoteni na kuugeuza.

— Basi nitamwambia nimeuliza.

Gurudumu likaanza tena kulia. Sponji akakiweka kikombe chini, kimejaa kama kilivyokuja, akasimama. Kipara alitaka kumshika shati lakini hakumshika. Wakamtazama akiifuata ile njia, hatua chache nyuma ya begi na ndoo na zile ndala, kichwa chini, midomo ikicheza kama ya mtu anayejifunza kusoma. Mkokoteni uliingia kwenye shimo, ukalalia upande, mwenyewe akahangaika nao. Sponji akanyoosha mikono kama kawaida yake. Halafu akairudisha.

Tangu kijiwe kimjue, ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifuata mzigo bila kuubeba.

— Ameenda kusema, au ameenda kushika? aliuliza Betri.

Shangazi alikuwa ameshamwaga mkaa. Akakichukua kikombe cha Sponji, akaimwaga ile kahawa baridi mchangani, akasimama akitazama ilivyokuwa inazama.