Aliyemngoja Samaki Wake: Maisha ya Pyo Jeom-rye wa Yeongsanpo

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa barabara ya gatini, ndugu mliotoka kisiwani kwa boti ya asubuhi, nanyi mliotoka Seoul na tangu mfike mnapumulia mdomo, familia imemtuma mdogo wa mwisho wa marehemu, Pyo Du-sik, mstaafu wa manispaa, awasomee historia hii, na imemsihi asirefushe, ombi ambalo kila aliyewahi kupokea barua yake ya kiofisi anajua uzito wake.

Marehemu Pyo Jeom-rye alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika kisiwa cha Heuksan, mtoto wa pili wa mzee Pyo Sang-dol, mvuvi wa samaki taa, na mama Gang Ip-bun, ingawa vitabu vya serikali vinasema alizaliwa mwaka 1943, kwa kuwa baba yetu hakuona sababu ya kupanda boti kwenda kuandikisha mtoto kabla hajahakikisha kwamba mtoto mwenyewe ana nia ya kubaki. Kwa hiyo ameondoka akiwa na miaka sabini na saba kwa hesabu ya familia, sabini na mitano kwa hesabu ya serikali, na sabini na tisa kwa ile hesabu yetu ya kizamani inayomhesabia mtu hata muda aliokaa tumboni, na yeye maisha yake yote alitumia umri wowote uliomfaa, kulingana na foleni aliyopanga.

Alisoma shule ya msingi ya pale kisiwani kuanzia mwaka 1949, akakatizwa na vita, akarudi darasani, akamaliza mwaka 1956 akiwa wa kwanza kwa hesabu, cheti kipo, kimeliwa na mende upande wa saini. Sekondari ilikuwa ng'ambo, Mokpo, na nafasi hiyo haikumfikia yeye, ilikuja kumfikia mdogo wake huyu anayesoma, ambaye ada yake yote ilitoka kwenye mitungi ya samaki mtakaowala leo.

Tarehe 17 Novemba 1962 alifunga ndoa na Ma Gil-hwan, kijana wa hapa Yeongsanpo, ambaye mama yake alikuwa akivundika samaki taa kwenye mitungi ya udongo, akimpanga na mabua makavu ya mpunga, tabaka kwa tabaka, mpaka harufu yake imtangulie barabarani. Hapa inabidi isemwe kweli, hata kama nusu ya waliohudhuria watanuna: sisi wa kisiwani tunamla taa siku ileile anapotoka majini, na tumeamini siku zote kwamba nyinyi wa huku juu ya mto mlianza kumla akiwa amevunda kwa sababu safari ya boti kutoka kwetu ilikuwa ndefu, mkaona haya kumtupa. Kwenye karamu ya harusi mama mkwe alimtia bibi harusi kipande mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, kama heshima inavyotaka, bibi harusi akakipokea akiwa amekinga mikono miwili kwa adabu, akatoka taratibu, akaenda nyuma ya nyumba, akatapika. Mama yetu alimfuata, akampangusa kwa ncha ya sketi yake.

"Mama, nirudishe nyumbani."

"Boti imeshaondoka, mwanangu," mama akamjibu, "nawa uso turudi ndani."

Jambo hilo lilibaki kati yao wawili, na mama alilisimulia kwa watoto wake wengine alipokuwa mtu mzima sana na hana tena wa kumwogopa. Yeongsanpo haikujua. Ilichojua ni kwamba mkwe yule wa kisiwani alifanya kazi kwenye kibanda cha samaki cha mama mkwe wake miaka miwili na ushei bila kugusa hata kipande, kisha siku moja ya baridi kali, mwanzoni mwa mwaka 1965, akiwa mjamzito, alimwambia mama mkwe wake kwamba angependa kuonja kidogo, na mama mkwe alitoa bakuli la pili, akaliweka mezani, na halikurudi kabatini tena.

Walijaliwa watoto wawili, Ma Jeong-u, aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1965, na Ma Suk-hui, aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 1968, ambaye yuko Busan na amefika jana na wanawe.

Kuanzia mwaka 1971, mama mkwe alipofariki, kibanda kilikuwa mikononi mwa marehemu, na tangu hapo hapakuwa na harusi, wala sherehe ya mzee kutimiza miaka sitini, wala msiba katika mtaa huu, ambao sahani ya samaki wake haikuwekwa katikati ya meza, pamoja na nyama ya nguruwe ya kuchemsha na kabichi ya pilipili iliyochachuka, na kile kinywaji cheupe cha mchele ambacho, kwa kuwa mchungaji yupo, tutakiita togwa. Mwaka 1988, nchi ilipokuwa inajisafisha kwa ajili ya wageni wa Olimpiki, ofisa mmoja wa usafi alifika kibandani na fomu yenye nafasi ya kujaza tarehe ya kuharibika kwa bidhaa, akamwomba marehemu aitaje.

"Mwanangu," marehemu akamwambia, "mimi namuuza akiwa ameshaharibika. Andika tarehe yoyote iliyopita."

Ofisa akasema sheria hairuhusu tarehe iliyopita, marehemu akamuuliza kama sheria imeshawahi kuonja, na faili lile likapanda ofisi hata ofisi mpaka likatua kwenye meza ya mdogo wake, aliyelijibu kwa kurasa nne zisizo na maana yoyote, na hadi anastaafu halikurudi.

Mume wake alifariki tarehe 6 Februari 2004. Jeong-u alirudi kutoka Seoul na mke wake, Ok Se-yeon, aliyefunga naye ndoa mwaka 1996, na wengi mnakumbuka kwamba mtoto yule hakuwa amedondosha chozi tangu atoke jeshini, hakulia hospitali, hakulia kaburini, lakini alipokaa mezani akala kipande cha samaki, kile kipande ambacho ukali wake hupanda puani na kumtoa machozi hata askari, machozi yalimtoka na hayakukatika mpaka sahani zikaondolewa. Mjomba mmoja akamuuliza, "Vipi, Jeong-u?" naye akajibu, "Samaki amekolea." Marehemu alijua fika kwamba samaki wa siku ile alikuwa wa kawaida tu, maana alimvundika mawazo yakiwa kwa mgonjwa wake, lakini alimwongezea mwanawe kipande kingine, akawaambia watu, "Mwacheni, ni samaki," na tangu siku hiyo wanaume wa mtaa huu wanajua la kusema wakiulizwa.

Jeong-u na Se-yeon hawakurudi tena Seoul. Se-yeon alisaidia kibandani akiwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni, na marehemu kila asubuhi alimpokea kwa maneno yaleyale, "Wewe mtoto wa Seoul, umekuja kubeba samaki au kumteka nyara?" Alibeba, alipanga mabua, aliosha mitungi, ila kula hakula, na marehemu hakumlazimisha hata siku moja, jambo lililowashangaza majirani, waliotarajia vita.

Oktoba 2013, siku ya msiba wa mzee Tak Yun-bo wa duka la mbegu, Se-yeon aliingia kibandani kuchukua sinia, akagundua kwamba amesahau kitambaa chake, akasimama katikati ya mitungi iliyofunuliwa, akavuta pumzi, akaona raha, na raha hiyo ndiyo iliyomtisha.

"Mama, samaki hanuki."

"Hanuki sana, au hanuki kabisa?"

"Kabisa, Mama. Humu naweza hata kunywa chai."

Marehemu akakaa juu ya mtungi uliofunikwa, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe. Mimi nilidhani ni mimi peke yangu nisiyesikia harufu."

Ilikuwa imeshapita miezi pua yake ikiwa imezimika, naye hakumwambia mtu, alikuwa akifungua mitungi kwa mazoea na kwa kalenda, na vuli ya mwaka ule ilikuwa ya baridi kupita kalenda, samaki akawa hajavunda. Mzee Tak aliagwa na samaki wa mtungi mwingine, aliyekuwa ameagizwa kwa harusi moja ya Naju, wenye harusi wakapigiwa simu, wakanung'unika, wakaelewa. Machi 2014, hospitali moja ya Gwangju ikathibitisha kwamba ni ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, ambao kwa wengi huanza kwa kuiba pua, na daktari alipomuuliza tangu lini hasikii harufu, marehemu akamwelekezea kidole Se-yeon, "Muulize huyo, yeye ndiye pua."

Na kweli alikuwa. Kwa miaka karibu mitano, yule ambaye samaki huyu alimchukiza kuliko mtu yeyote mtaani ndiye aliyekuwa akiinama juu ya mitungi bila kitambaa, akirudi sebuleni na macho mekundu, kutoa taarifa.

"Haya, leo?"

"Leo ananuka kama choo cha stesheni ya treni, Mama."

"Stesheni ya wapi?"

"Ya mjini."

"Ya mjini husafishwa. Mfunike, tungoje ya kijijini."

Hakuna mteja aliyejua, na hakuna aliyelalamika.

Mwanzoni mwa Desemba 2018 koo lilianza kukataa hata uji. Marehemu akamwita Se-yeon, akamwambia aagize kutoka Heuksan taa jike mmoja, mnene, amweke mtungini. Se-yeon akauliza ni wa nani, mbona hawana oda. "Oda ni yangu," marehemu akasema. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika, maana Jeong-u, mtu asiyepandisha sauti, aliipandisha.

"Mama, nimwekeje samaki wa matanga yako, na wewe umekaa mbele yangu unapumua?"

"Matanga yetu ni siku tatu. Samaki, kwa baridi hii, anataka zaidi ya mwezi. Ulisoma hesabu chuo kikuu, piga."

Jeong-u hakupiga, alitoka, akakaa ndani ya gari lake uani mpaka vioo vikaingia ukungu. Se-yeon akabaki na samaki kwenye beseni na jambo ambalo hakuna mkwe anayepaswa kuachiwa: akimvundika, ataitwa mwanamke aliyemwandalia mama mkwe wake kifo, na mume wake huenda asimsamehe, asipomvundika, mama aliyewalisha Yeongsanpo nzima katika misiba yao ataagwa na samaki wa kununua. Marehemu akamsogeza karibu, akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba siku ya harusi yake naye alitapika, nyuma ya nyumba hiihii.

"Miaka yote hii, Mama, ndiyo unaniambia leo?"

"Ningekuambia mapema ungerudi Seoul. Sasa boti imeshaondoka. Mweke samaki, mwanangu, mimi nitamngoja."

Se-yeon alimweka siku ileile, peke yake, na Jeong-u hakuzungumza naye wiki nzima, wala hakukanyaga kibandani. Daktari aliyekuja nyumbani alisema mgonjwa hatafika Krismasi. Alifika, akapita, mwaka mpya ukamkuta, akisema maneno machache sana, lakini moja alilisema kila asubuhi, "Leo?" na Se-yeon alijibu kwa uaminifu, dawa ya saluni, kisha zizi, kisha choo cha mjini, bila kumwongezea hata siku moja wala kumpunguzia, ingawa alikuwa anajua, kama wote tulivyojua, kwamba siku samaki atakapokuwa tayari hakutakuwa na kingine cha kungojea. Msomaji wa historia hii alimuuliza kama hakushawishika kumdanganya kidogo, amcheleweshe. Akajibu, "Nilishawishika, Mjomba. Lakini angempata amepita kiasi."

Tarehe 15 Januari 2019, asubuhi, Se-yeon alifunua mtungi, akarudi sebuleni, akapiga magoti kando ya godoro.

"Ya mjini, au ya kijijini?"

"Ya kijijini, Mama. Mlango umefungwa, na mtu yumo ndani."

Marehemu akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, kisha akasema, "Mpe Jeong-u." Se-yeon akakata kipande, Jeong-u akakipokea kutoka mkononi mwa mke wake, akala, na sisi tuliokuwepo tukaangalia dirishani kwa adabu kwa muda uliohitajika. Kisha akasema, "Samaki amekolea, Mama." Marehemu akasema, "Basi." Alifariki siku iliyofuata, Jumatano tarehe 16 Januari, saa tano asubuhi, hapo hapo sebuleni, mkono wake mmoja ukiwa kwa mwanawe na mwingine kwa pua yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Gwangju, hasa aliyekosea kuhusu Krismasi, majirani waliovumilia kibanda kile kwa miaka yote na kuacha madirisha wazi, wanakwaya wenzake, wavundikaji wenzake wa gatini, ambao leo wamefunga mitungi yao kwa heshima, na manispaa, ambayo mpaka sasa haijalipata lile faili. Tukitoka kaburini tutakaa mezani. Samaki mtakayemla amevundikwa na Ok Se-yeon tangu bua la kwanza hadi kisu cha mwisho, hakuna pua nyingine iliyomkagua, na leo asubuhi, msomaji huyu akiwa shahidi, Se-yeon alikata kipande kimoja, akakiweka mdomoni mwake mwenyewe, akakaa nacho, akakimeza, hakwenda nyuma ya nyumba.

Nasi tusiulizane maswali pale mezani. Pumzika kwa amani, Dada. Samaki amekolea.