Kamba Nyeupe ya Buti

Ndugu Leovigildo Peraza, ambaye hapa karakanani tunamwita Gildo tu, anastaafu tarehe 30 Agosti baada ya miaka arobaini na mmoja ya kunyoosha na kuchomelea bodi za magari makuukuu ya mji wetu wa Matanzas. Kamati ya karakana imenitaka mimi, Mirta wa stoo ya vyombo, niandike wasifu wake, tena niandike ya kuchekesha. Nimejaribu. Yapo, lakini nikiandika hayo peke yake nitakuwa nimedanganya.

Aliingia hapa kijana mwembamba, nani angeamini leo. Vipuri havikuwapo, na mpaka leo havipo, kwa hiyo akajifunza kutengeneza magari kwa vitu vya jikoni. Ubishi wake hauna dawa. Akikwambia mlango huu utakaa, utakaa, hata kama ni wa gari jingine.

Kilichompa cheti cha ubunifu ni gari aina ya Buick la Orestes Bacallao, dereva wa abiria na rafiki yake wa kucheza domino. Orestes alikuwa ameifungia injini ya lori, ya dizeli, na moshi ukawa unapenya butini, kule nyuma kwenye mizigo, hadi kwa abiria. Gildo akachomelea bamba la chuma nyuma ya kiti, pande zote, bila hata tundu la sindano. Kitasa cha buti nacho kilikuwa kimekufa, akaweka cha jokofu la zamani, kile kinachojifunga ukibamiza na kisichofunguka kwa ndani. Siku ya cheti sote tulipiga makofi. Hakuna aliyefikiria watoto.

Dayamí, binti wa Orestes, alikuwa na miaka sita. Mchana mmoja wa Julai, wakicheza kujificha, aliingia kwenye buti la Buick ya baba yake iliyoegeshwa juani, akavuta kifuniko. Wenzake walipojaribu kumfungulia, mkono wa kitasa ukakatika. Orestes akaja mbio karakanani, na Gildo akatoka na mfuko wa vyombo, kandambili miguuni, sisi sote nyuma yake.

Buti likikwama, unang'oa kiti cha nyuma na kupitia huko. Kila fundi wa mji huu analijua hilo. Gildo aling'oa kiti, akakutana na bamba lake mwenyewe. Moto wa gesi usingewezekana, mtoto yuko upande wa pili. Mtaimbo ulikuwa unateleza tu kwenye kifuniko. Akabaki na tindo na nyundo, na ndani tunasikia mtoto anagonga.

"Pasua, ndugu yangu, gari si kitu," Orestes alikuwa akisema.

"Napasua. Nilichomelea vizuri mno," Gildo akajibu, analia huku anapiga.

Kisha kugonga kukakoma. Bamba lilipoachia, Dayamí alikuwa ameshatutoka.

Orestes hakumlaumu kwa neno hata moja. Aliacha tu kumsalimia, na Buick hatukuiona kwa miaka mingi. Gildo akakibandua cheti ukutani, akakaa nyumbani wiki kadhaa.

"Maji yakishamwagika hayazoleki, Gildo," nilimwambia aliporudi.

"Najua, Mirta. Basi niache nishike ndoo zilizobaki."

Tangu siku hiyo hakuna gari lililotoka hapa bila kamba nyeupe ndani ya buti, imefungwa kwenye ulimi wa kitasa, na mwishoni kipande cha mti kilichopakwa rangi nyeupe ili mtoto akione hata kwa mwanga kidogo. Na kila kamba aliijaribu mwenyewe. Anaingia butini, tunamfungia, anavuta, anatoka. Madereva wa mbali wasiojua habari walimtania: "Babu, ukinenepa zaidi tutakuzika humo humo." Alikuwa anacheka nao. Mwaka juzi mama mmoja wa mtaa wa Versalles alituletea sahani ya kaukau za ndizi, kwa sababu mwanawe alivuta kamba akatoka. Gildo alikwenda kula nyuma ya mashine ya upepo, na tulimwacha alie kwa nafasi.

Ijumaa iliyopita, Buick ile iliingia uani. Orestes akashuka, kichwa cheupe.

"Nimepata mjukuu," alisema. "Nifungie ile kamba yako kabla hujaondoka."

Gildo alifanya kazi hiyo bila kuinua uso. Alipomaliza, alisimama mbele ya buti lile asiingie kulijaribu. Tukamwona Orestes anavua kofia na kuingia yeye.

"Funga, Gildo."

"Siwezi, ndugu yangu."

"Funga. Mimi nipo."

Akafunga. Viganja vyake vikabaki juu ya kifuniko. Kitasa kikalia, kifuniko kikamwinua mikono. Orestes alikuwa ameketi ndani, kipande cha mti mkononi.

"Inafunguka," akasema, akamnyooshea mkono ili amvute atoke.

Gildo, karakana nzima inakushukuru. Nenda kacheze domino, mwenzako anakusubiri. Jumatatu kuna Pontiac inaingia, na nimeshawaambia kwamba wa kufungiwa butini ni mimi. Uishi vyema, ndugu yetu, na ulale usingizi.