Yunis Mwalongo, Aliyemsalimia Mkaguzi

Mchungaji, wazee wa usharika, wana Mdandu, wageni mliotoka Makambako na mliotoka mbali kupita hapo, kamwene. Mmeitika vizuri, asanteni. Mmejisikia lakini? Tumefiwa, macho yamevimba kama maandazi, baridi ya Julai inatung'ata masikio, na bado tukisalimiwa tunaitika kwamba tuko salama. Shikeni jambo hilo mkononi, msiliweke chini, tutalihitaji huko mbele.

Dada yetu Yunis Elieza Mwalongo alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 hapa Mdandu, wakati huo tukiwa bado Mkoa wa Iringa, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Elieza Mwalongo, aliyetutangulia mwaka 2011, na mama yetu Dorkasi, ambaye mnamwona pale mbele amejifunika blanketi, na ambaye alitulea sote kwa sheria moja isiyo na rufaa, kwamba mgeni akiingia uani hasikii shida ya nyumba hii kabla hajasalimiwa, hajakaa na hajalowesha koo. Mwaka ambao upepo uling'oa bati za jiko letu, alifika mgeni mchana wa siku hiyo hiyo, akakuta mawingu yanaonekana kutoka jikoni, akauliza habari za hapa, mama akajibu nzuri tu, akapika chai chini ya mawingu hayo hayo, mgeni akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, ndipo mama akasema, lakini sasa, baba, bati zimekwenda. Yunis alikuwa na miaka saba, ndiye aliyeshika kichujio, na somo hilo alilielewa kuliko hesabu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, akamaliza darasa la saba akiwa na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake, jambo ambalo mwalimu mwenyewe, aliyekaa upande ule, hajalisamehe hadi leo. Mwaka 2001 alikwenda Lyamkena, Makambako, kujifunza ushonaji kwa Mama Prisila, akakaa naye miaka mitatu, miwili ya kujifunza na mmoja wa kumfundisha Mama Prisila, kisha akanunua cherehani yake ya miguu, akaiweka kibarazani, akashonea watoto wa Lyamkena sare za shule na kwaya yetu majoho, yakiwemo haya mnayoyaona leo, ambayo yana miaka kumi na saba na hakuna hata moja lililofumuka, ingawa baadhi ya waimbaji wameongezeka.

Tarehe 20 Septemba 2008 alifunga ndoa takatifu na Bwana Fidelis Mligo, mkulima wa viazi, mtu mpole mpaka viazi vyake vilikuwa vinachelewa kuota kwa kuogopa kumsumbua, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Brayson, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2010, na Nelly, aliyezaliwa tarehe 17 Novemba 2014.

Tarehe 4 Machi 2019 aliajiriwa katika kiwanda cha makoti ya baridi nje kidogo ya mji wa Makambako, kiwanda ambacho familia imeamua jina lake lisitajwe hapa, kwa kuwa leo ni siku ya jina la Yunis. Makoti hayo hayavaliwi na sisi tunaotetemeka hapa, yanavaliwa na watu wa mbali, katika nchi zenye theluji, na zamani yalishonwa huko huko na watu wa huko, mpaka wakaonekana ghali, kazi ikapelekwa nchi nyingine, kina mama wa huko nao wakaomba waongezwe, ikahamishwa tena, na hivyo hivyo koti likawa linakimbia dunia nzima kutafuta mwanamke asiyeuliza, na siku lilipofika Makambako likavua viatu, likasema hapa nimefika.

Tusiseme uongo mbele ya jeneza, mshahara wa kiwanda ulimwezekea Yunis nyumba na ukamnunulia Brayson sanduku la kwenda nalo bweni, na hakuna siku aliyotamka kwamba kiwanda kifungwe. Alichoomba ni dirisha lifunguliwe. Yeye alikuwa laini ya nne, kina mama thelathini na mmoja wanaojaza makoti kwa ile pamba ya plastiki ambayo wao huiita manyoya, na manyoya hayo ni mepesi, yanaelea, yanakaa kwenye nywele, kwenye kope, kwenye uji wa saa nne, na ndani ya kifua cha mtu. Mnaujua upepo wa Makambako. Upepo ule ukiusimamia vibaya unakuhamisha kata. Basi mji mzima una upepo wa bure wa kutosha na kubaki, na ndani ya chumba kile hapakuwa na hata wa kutikisa uzi, kwa sababu madirisha yalipigiliwa misumari ili manyoya ya tajiri yasipeperuke. Manyoya yalilindwa, mapafu hayakuwa kwenye orodha ya mali. Barakoa zilikuwepo, zimejaa sanduku zima, sanduku lina kufuli, na ufunguo ulikaa kwa msimamizi wao, Bwana Polikarpo, aliyelifungua siku za wageni tu, kama vile sisi tunavyotoa vikombe vya maua. Kina mama wakikohoa aliwaambia, kohoeni polepole, mama zangu, tajiri akisikia atahamishia kazi kwingine, na huko kwingine nako wana vifua.

Sasa leteni lile jambo mlilolishika mkononi.

Tarehe 11 Mei 2022 kiwandani alifika mkaguzi, binti mmoja kutoka huko makoti yanakovaliwa, ametumwa na wanunuzi aje kuuliza kama washonaji wanatendewa utu. Kina mama wa laini ya nne walijua anakuja, wakakaa wakamchagua Yunis awasemee, kwa sababu ya heshima yake na ule mwandiko, naye akaandika mambo matano kwenye karatasi ya daftari la Nelly, akaikunja, akaiweka mfuko wa aproni. Na kwa kuwa mgeni ni mgeni hata kama ametumwa na tajiri, wakachanga, wakaja na chupa mbili za chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha vya Baba Brayson. Mkaguzi akafika laini ya nne pamoja na mkalimani wake, kina mama wote wamevaa barakoa mpya zinazonuka duka, akauliza, mko salama hapa kazini? Yunis akasimama. Akateremsha barakoa, maana humsemeshi mgeni umeziba mdomo. Akatabasamu lile tabasamu la Mdandu, akajibu, tuko salama, mgeni wetu, tunamshukuru Mungu, karibu sana, na mkono wake wa kulia ukaenda kwenye chupa ya chai.

Kila mtu aliyezaliwa nyanda hizi anajua kwamba hapo alikuwa bado hajasema kitu. Alikuwa anafungua mlango. Karatasi ilikuwa inasubiri kikombe cha pili. Lakini mkalimani akalitafsiri jibu, binti akagusa kishikwambi chake mara moja, akampiga picha, akasema asante sana, akaenda laini ya tano. Chai ikabaki inafuka. Bwana Polikarpo akainywa yote, na viazi akala.

Baada ya miezi mitatu getini likatundikwa bango kubwa kwa Kiingereza, kwamba wafanyakazi wa hapa wamekaguliwa na wako salama, wanatabasamu, na ushahidi wa tabasamu ulikuwa uso wa dada yetu, mkubwa kama meza. Kila asubuhi Yunis alipita chini ya meno yake mwenyewe kwenda kumeza manyoya. Wenzake, kwa utani tu, wakamwita Mama Tukosalama, naye alicheka nao kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa, ila nyumbani, akiwa anamenya viazi, alikuwa anaacha kisu ghafla na kumwambia mume wake, Baba Brayson, mimi nilikuwa nasalimia tu. Alimwambia hivyo mwaka huo, akamwambia mwaka uliofuata, na alimwambia wiki mbili zilizopita kitandani. Watu waliosoma, wenye ndege na vishikwambi, walisafiri nusu ya dunia kuuliza swali moja, wakapewa salamu, wakaiandika kuwa jibu, wakaenda kuiuza pamoja na koti, na aliyejiona mkosaji ni Yunis.

Alijitahidi kurekebisha. Mwezi Mei 2023 iliposikika kwamba mkaguzi anarudi, aliwaahidi wenzake kwamba safari hii ataanza na lakini, salamu baadaye, hata kama mama Dorkasi atamkana, na ilipofika siku yenyewe akapelekwa stoo kuhesabu vifungo mpaka jioni, wakati huku nje mgeni anaoneshwa bango.

Kikohozi kilimwanza Juni 2023. Wanakwaya walikisikia kabla ya daktari, alikuwa sauti ya kwanza, akashushwa ya pili, halafu akawa anashika faili la nyimbo, halafu akawa anakaa. Alipimwa kifua kikuu mara tatu na mara tatu hakikuonekana, hadi tarehe 19 Agosti 2024 daktari alipoitazama picha ya kifua chake, akamuuliza swali ambalo yule mkaguzi hakuuliza, mama, kazini kwako unavuta nini? Mapafu yalikuwa yamekakamaa kwa vumbi. Tarehe 30 Septemba 2024 kiwanda kiliandika kwamba Yunis ameacha kazi kwa hiari yake, na ni kweli, kama mtu aliyesukumwa ngazini anavyoshuka kwa hiari yake. Alifariki dunia Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Lyamkena, akiwa na umri wa miaka 39, miezi mitatu na siku 24, dirisha likiwa wazi kama alivyotaka.

Jana kiwanda kilituletea shada la maua, mchele, sukari, na historia ya marehemu iliyokwisha kuchapwa, nzuri, ina nembo juu, inasema aliugua kwa muda mfupi, na ikaja na ile picha ya getini ili tuiweke juu ya jeneza. Mchele tumeupika, mmeula, shada mtaliona. Kuhusu ile historia, familia ilikaa, wengine wakasema jamani tusigombane na watu, wadogo zetu bado wanafanya kazi pale, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Mama Dorkasi akauliza swali moja tu, hao wageni wa kiwanda wamekunywa chai? Tukamjibu wamekunywa, mama, vikombe viwili viwili. Akasema, basi someni ya mwanangu, si yao.

Bwana Afisa Utumishi wa kiwanda, usiinuke, baba, kaa tu, umesalimiwa, umekaa kwenye kiti cha mbele na koo limelowa, kwa desturi ya hapa sasa ndiyo saa yenyewe. Karatasi hii tumeitoa mfuko wa aproni yake, ilikuwa bado imekunjwa vile vile, inasema, tunaomba dirisha la upande wa barabara ya Songea lifunguliwe, tunaomba sanduku la barakoa lisifungwe kufuli, tunaomba anayekohoa akapimwe bila siku yake kukatwa, tunaomba mwenye mimba asijaze manyoya, na la tano, kwa mwandiko ule ule, tunaomba mgeni akirudi asiharakishe, tutampikia chai nyingine. Utakabidhiwa karatasi hiyo kaburini, mbele ya watu hawa wote, umpelekee yule binti na wanaovaa makoti, na kina mama thelathini wa laini ya nne, waliokaa pale wamevaa barakoa walizojinunulia wenyewe, wamesema Jumatatu watasimama nje ya geti, chini ya lile bango, wakingojea jibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa yule aliyeuliza, inawashukuru majirani wa Lyamkena waliomfulia na kumgeuza kitandani, Mama Prisila aliyemshonea nguo anayozikwa nayo, mchungaji na kwaya, na wafanyakazi wenzake waliochangia jeneza hili bila kulipiwa na kiwanda hata msumari mmoja, kwani misumari yao yote iko kwenye madirisha.

Yunis, dada yetu, ulisalimia vizuri, hukukosea, aliyekosea ni yule ambaye hakungoja. Salamu zimekwisha, na lakini yako imesomwa, mambo yote matano. Sasa vuta pumzi, mama, upepo wa huku hauna manyoya. Pumzika kwa amani.